Pepo Wazuiwe

Sifa njema zamstahiki Yeye aliyeutuma upepo duniani bila ya kuuombea kibali, akaupitisha kwa tajiri na kwa fukara, kasrini na kibandani, wala asiuamuru kubisha hodi kwa mkubwa kabla ya mdogo. Baada ya hayo, na ayasikie mwenye masikio yaliyojiri katika Jamhuri ya Tumeridhia, nchi ambayo haimo katika ramani yoyote ila ile iliyotundikwa ukutani katika shule yake moja. Kwa hiyo hapana mtu wa nchi nyingine mwenye sababu ya kununa.

Jamhuri hiyo ilipata jina lake kutokana na adabu ya watu wake. Mkubwa alipotoa amri, wadogo waliitikia, "Tumeridhia!" Alipopiga chafya, waliitikia vivyo hivyo. Hata maiti, kwa mujibu wa sheria, hakuzikwa mpaka jamaa yake mmoja asimame kuridhia kwa niaba yake, kwa kuwa Serikali haikupenda mtu aondoke nchini na kinyongo.

Katika mji mdogo wa Matunduni, bondeni, mahali ambapo jua hukaa kama mgeni asiyejua kuaga, palikuwa na shule ya msingi. Wazee wa mji waliijenga kwa mikono yao. Kwa kuwa walilijua joto la kwao, walipanga matofali kwa kuacha matundu, safu juu ya safu, kutoka usawa wa kifua cha mtoto aliyeketi mpaka karibu na paa, ili upepo wa bondeni uingie upande huu na kutokea upande wa pili. Mwanga nao ukaingia na upepo, kama ndugu wawili waliotumwa dukani. Juu ya mlango, fundi wao mkuu, ambaye pia alikuwa khatibu wa msikiti, alichonga beti hili katika chokaa:

*Upepo ni mja mwema, hubisha hodi mlango,*
*Huingia kwa salama, hauleti masimango,*
*Ukifungiwa huhama, humwachia mtu pengo,*
*Nyumba isiyo kuhema, ni kaburi lenye lango.*

Fundi huyo alikwisha kutangulia mbele ya haki. Binti yake, Bi Salha Mwinyimvua, ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule. Mama huyu aliipenda shule hiyo kama mtu apendavyo sauti ya mzazi wake, na miongoni mwa watoto wote wa shule alikuwa na mmoja aliyemtia wasiwasi kila kulipokucha. Jina lake Hidaya, wa darasa la saba, yatima aliyelelewa na nyanya yake, Bi Kauthari. Mtoto alikuwa na akili kali na kifua dhaifu. Alikuwa na pumu. Hewa ikimpungukia, kifua kilipiga filimbi, midomo ikageuka rangi ya majivu, na dawa ya mji mzima ilikuwa moja: aketishwe ukutani, penye tundu la tatu kutoka pembeni, uso wake ukabiliane na upepo. Wenzake waliliita Tundu la Hidaya. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia, na kwa mtoto asiye na baba, wala shamba, wala mjomba serikalini, mtihani huo ulikuwa ndio mlango pekee uliobaki wazi.

*

Ikasadifu kwamba marafiki wa Jamhuri, watu wa nchi za theluji, waliitunuku Tumeridhia kitabu cha kanuni za kubana matumizi ya nishati katika majengo ya shule za umma. Kilikuwa kitabu kizuri cha watu wakweli. Kwao baridi huua. Nyumba yenye ufa humwaga joto kama mtungi uliotoboka umwagavyo maji, na mwenye kuuziba ufa huokoa kuni na roho pamoja. Kosa lao lilikuwa moja tu, nalo ni la wema: walidhani kila mwanadamu anaona baridi.

Wizara ya Nishati na Utulivu ikaunda jopo la kukifasiri. Walipofika Kanuni ya Saba, mfasiri akaandika, "Pepo zizuiwe kuingia madarasani," kwa kuwa upepo ukiwa mmoja ni upepo, na ukizidi ni pepo, na pepo za namna hiyo huja, huvuma, hupita zake. Lakini mwenyekiti wa jopo alikuwa msomi wa kupindukia. Aliitazama sentensi kama mtu aonaye nywele katika mchuzi.

"Pepo ni kiumbe," akasema. "Kiumbe haitwi 'zi' kama nguo zilizoanikwa. Mmoja ni 'a', wengi ni 'wa'. Andikeni: Pepo *wazuiwe*."

Wajumbe walijua. Wote walijua. Wakatazamana, wakatazama sambusa zilizokuwa zikiletwa, wakaitikia kwa sauti moja, "Tumeridhia!" Ikabadilika silabi moja, na nchi nzima ikabadilika nayo.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mahfudhi Makanzu, ndiye aliyezindua kanuni uwanjani. Udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokifungua. "Wananchi!" akanguruma. "Kwa miaka mingi tumejiuliza kwa nini watoto wetu hawafaulu. Leo wataalamu wa ng'ambo wametufichulia: madarasa yetu yamejaa pepo! Serikali yenu haitamvumilia pepo hata mmoja katika sekta ya elimu. Tutawabana, tutawazibia, na ikibidi tutawapunga! Taifa lisilobana pepo wake haliwezi kubana nishati yake!"

"Tumeridhia!" uwanja ukatetemeka.

Kisha Mheshimiwa akajifuta jasho, akaingia katika gari, akaenda kwenye nyumba yake ya mlimani kupunga upepo.

*

Mkaguzi aliyepelekwa Matunduni aliitwa Bwana Mgaza. Alifika saa ya jua kali akiwa amevaa suti ya sufi, kwa sababu kitabu cha kanuni kilimwonyesha mkaguzi akiwa amevaa suti ya sufi.

"Shule hii inatumia umeme kiasi gani, mwalimu?"

"Haitumii, Bwana Mkaguzi. Hatuna umeme."

"Hata kidogo?"

"Mwenye taa hapa ni kimulimuli peke yake, naye huja tukishafunga."

Bwana Mgaza akavua miwani, akainamisha kichwa kama aliyepewa habari ya msiba. "Pole, mwalimu. Hili ni jambo zito. Kanuni yataka kila shule ipunguze theluthi ya matumizi yake. Ninyi mtapunguza nini?"

"Hatupunguzi kitu, kwa kuwa hatutumii kitu."

"Unasikia unavyojishitaki? Hampunguzi kitu!"

"Theluthi ya sifuri ni sifuri, Bwana Mkaguzi. Hata katika mirathi, maiti asiyeacha kitu haachi ugomvi."

"Hii si mirathi, mama, haya ni maendeleo. Maiti asiyeacha kitu alikuwa mvivu." Akavaa miwani tena. "Shule isiyo na Cheti cha Ubanaji haitaruhusiwa kufanya mtihani wa darasa la saba. Na mtoto asiyefanya mtihani mwaka huu hatafanya mwaka ujao. Umri utakuwa umempita. Lakini Serikali ni baba. Tutawaletea jenereta na taa moja. Taa iwake mchana kutwa, ili muwe na matumizi. Siku ya mtihani Waziri atakuja kuizima, na papo hapo mtakuwa mmebana nishati."

"Taa mchana, Bwana Mkaguzi? Na jua lote hili?"

"Jua halina mita."

Ndipo macho yake yalipopanda ukutani. Upepo wa bondeni ulikuwa ukipita taratibu, ukiyapepea madaftari ya watoto, na Hidaya ameegemea penye tundu lake akikokotoa hesabu za sehemu. Bwana Mgaza akarudi nyuma hatua.

"Na haya ni nini?"

"Matundu ya hewa."

"Haya, mwalimu, ni milango ya pepo. Na mmeiacha wazi mbele ya watoto!"

"Pepo gani, Bwana Mkaguzi?"

"Waliotajwa," akajibu kwa sauti ya chini. "Yote yazibwe."

Bi Salha akamtazama Hidaya. Akautazama mlango wenye beti la baba yake. Akaukumbuka mtihani. Ulimi wake, uliofundishwa tangu utotoni, ukatangulia mbele ya moyo wake: "Tumeridhia." Neno likatoka lepesi kama lilivyozoea kutoka, na lilipokwisha kutoka likamwachia kinywani ladha ya chokaa.

*

Usiku ule hakupata usingizi wa kuhesabika, na asubuhi akafunga safari ya kwenda Wizarani, nauli mkononi na hoja moja kifuani.

Jengo la Wizara ya Nishati na Utulivu lilikuwa na taa zinazowaka katika kila ujia, ingawa jua lilikuwa limepanda, ili, kama bawabu alivyomweleza, wageni wasije wakadhani hakuna kazi inayofanyika. Ofisini kwa Waziri kiyoyozi kilikuwa kikivuma kama simba mwenye mafua. Mheshimiwa alivaa koti zito na kujitanda shali. Na ili baridi isimuumize, madirisha yote yaliachwa wazi, joto la nje liingie kidogo.

"Karibu, mwalimu. Sema, Serikali inasikia."

"Mheshimiwa, nimekuja kwa ajili ya silabi moja." Bi Salha akakaa ncha ya kiti. "Walioandika kile kitabu walikusudia pepo *zizuiwe*, pepo za baridi, zinazopenya kwao katika nyufa. Hawakukusudia mashetani. Na sisi hatuna baridi. Kwetu upepo ni rehema. Waliosoma wanajua kwamba hutangulizwa mbele ya mvua kuwa bishara. Tukiziba kuta, tutawapika watoto."

Waziri akacheka kwa upole, kama mzazi aliyeulizwa na mtoto kwa nini mwezi unamfuata. "Mwalimu, Serikali haikosei ngeli. Serikali ikinena, ngeli ndiyo hujirekebisha."

"Mheshimiwa, watoto wangu hawahitaji kupungwa pepo. Wanahitaji kupunga upepo."

"Maneno mazuri hayo! Nitayatumia katika hotuba, kwa kuyageuza." Akasogea mbele, akapunguza sauti. "Nikuibie siri. Ipo kamati ndogo inayochunguza iwapo Kanuni ya Saba inaihusu pia ile Pepo waliyoahidiwa waja wema. Ikithibitika, na hiyo nayo itazuiwa kuingia madarasani, mpaka kibali kitoke."

Bi Salha akaleta istighfari kimoyomoyo. Aliona hoja zake zote zinarudi kama mipira iliyopigwa ukutani, na katika kukata tamaa akafungua lile fundo alilokusudia kulificha. "Mheshimiwa, ninaye mtoto mmoja mwenye pumu. Jina lake Hidaya. Anapumua kwa hisani ya tundu moja tu. Likizibwa, sijui nitamjibu nini Mola wangu."

Waziri akaacha kucheka. Akashika kalamu.

"Pumu. Kifua kinapiga filimbi?"

"Kinapiga, Mheshimiwa."

"Macho yanamtoka? Anatweta? Anataka kukimbilia nje?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mwalimu!" Mheshimiwa akasimama, shali ikamwanguka. "Kumbe kanuni ni ya kweli! Huyo ndiye! Huyo mtoto anaye pepo, tena amekaa naye penye mlango wake! Shule yako ndiyo itakayokuwa ya kwanza kutakaswa, na mtoto huyo ndiye atakayetangulia."

Bi Salha alitoka mle ofisini akiwa na mikono ya baridi na uso wa moto. Alikwenda kumwombea mtoto tundu moja, amerudi amemchongea.

*

Zabuni ya kazi hiyo iliangukia kampuni iitwayo Punga na Ziba, ambayo kwa uchache wa wataalamu ilikuwa na idara mbili: waashi, na Fundi Tambwe. Fundi Tambwe alikuwa mganga wa kienyeji aliyefundishwa na Wizara kuvaa kofia ya plastiki ya wahandisi. Aliivaa juu ya kilemba chake chekundu.

Wakamketisha Hidaya katikati ya darasa. Wakapiga ngoma, wakachoma ubani na vitu vingine visivyokuwa ubani. Moshi ukajaa. Mtoto akaanza kukohoa, na kifua kikaanza filimbi yake.

"Anapanda! Anapanda kichwani!" akapiga kelele Fundi Tambwe. "Taja jina lako, ewe pepo! Umetoka wapi?"

"Mimi... Hidaya," akasema mtoto kwa taabu. "Nimetoka... darasa la saba."

Bi Kauthari, nyanya yake, aliyekuwa amezuiwa mlangoni, akapenya chini ya mkono wa askari kama mwanamke wa nusu ya umri wake. Akamkumbatia mjukuu wake, akamgeukia Mkaguzi.

"Mjukuu wangu hana pepo, ana pumu! Pepo mnao ninyi, mliokuja na magari sita kuwasha taa moja!"

"Bibi, heshima," akasema Bwana Mgaza.

"Heshima ninayo, baba, ila leo nimeiacha nyumbani isivute moshi wenu."

Bi Salha akambeba Hidaya mpaka uani, akamketisha penye upepo, naye hakuondoka mpaka midomo ya mtoto iliporudi rangi yake. Katika ripoti iliandikwa kwamba pepo alitoka saa ile ile mtoto alipotolewa nje, kwa hiyo kazi ilifaulu.

Wakaingia waashi. Safu baada ya safu, matundu yakajazwa saruji. Beti la juu ya mlango likapigwa lipu, kwa kuwa herufi zilizochongwa nazo zina vishimo, na pepo ni mwembamba. Bi Salha alisimama akiyaona maneno ya baba yake yakizama moja moja, mpaka likabaki moja, *kuhema*, nalo likapitiwa na mwiko.

Jioni akamwendea muashi mkuu, mtu wa makamo asiyependa maneno.

"Kaka yangu, niachie moja. Lile la tatu kutoka pembeni."

"Dada, nitafukuzwa."

"Una watoto?"

Muashi akalitazama tundu, akautazama mwiko wake. Kisha akalipaka saruji nyembamba pembezoni, akaliacha wazi katikati, akachukua ile ramani kubwa ya Jamhuri ya Tumeridhia iliyokuwa ukutani tangu zamani, akaitundika juu yake. "Hapa hapatatazamwa," akasema. "Nani anaitazama nchi?" Akaenda zake haraka, hata akausahau mtaimbo wake nyuma ya mlango.

Kwa wiki zilizofuata Hidaya alisoma chini ya ramani. Alipobanwa, aliiinua pembe ya nchi, akavuta pumzi, akaishusha. Jenereta, ambalo kanuni ilikataza lisiachwe nje likaibiwa, liliwekwa katika chumba cha vitabu, ubavuni mwa darasa, likinguruma mchana kutwa. Na kwa kuwa matundu yaliyokuwa yakileta mwanga yamezibwa, darasa likawa giza, na ile taa ambayo hapo mwanzo haikuwa na kazi, sasa ikawa haina budi. Bwana Mgaza alipokuja akafurahi. "Unaona? Mlikuwa mnaihitaji, hamkujua tu."

*

Ikafika siku ya mtihani. Watoto wa darasa la saba walikuwa wameketi, kalamu mkononi, jasho kisogoni. Hidaya alikuwa mahali pake ukutani. Wakaingia Waziri, Mkaguzi, askari wawili, na mpiga picha, wakaketi mbele; Bi Salha akasimama karibu na mlango, nao ukafungwa pepo wasije.

Waziri akasimama kuhutubia. Alikuwa amefika pale penye "enzi mpya ya nuru" wakati upepo wa bondeni, ambao haukualikwa, ulipopita nje. Ramani ikatikisika. Ikafura katikati kama shavu, ikatulia, ikafura tena.

Bwana Mgaza akaruka kutoka kitini. "Mheshimiwa! Nchi inatikisika!"

"Nani anaitikisa nchi?" akauliza Waziri kwa ukali.

Wakaichomoa ramani. Tundu likaonekana, dogo, duara, lenye jua ndani yake. Hidaya aliweka kiganja chake mbele yake kama mtu anayemkinga kifaranga.

"Mwalimu mkuu," akasema Waziri, "unalijua hili?"

"Nalijua, Mheshimiwa. Ni la mtoto huyu. Nakuomba kwa Mola aliyekupa pumzi, umwachie mpaka amalize karatasi moja."

"Tungemwachia kila mtu tundu lake, tungekuwa na nchi au chekeche?"

Saruji ikaletwa, tundu likazibwa pale pale, mpiga picha akipiga. Kisha Mheshimiwa akaufikia ule wakati alioujia. Akaweka kidole kwenye swichi, akatabasamu, akaizima taa. Giza likaanguka darasani kama kifuniko juu ya chungu.

"Nishati imeokolewa!" sauti yake ikasikika. "Watoto wangu, mmeona?"

"Hatuoni, Mheshimiwa," wakajibu watoto.

"Anzeni mtihani!"

"Tumeridhia," wakasema gizani, wakainamia karatasi wasizoziona.

Taa ilikuwa imezimwa. Jenereta halikuzimwa, kwa kuwa kanuni ilitaja taa. Moshi wake ulikuwa ukipita chini ya mlango wa chumba cha vitabu, nao, tofauti na pepo, hakuna aliyeuandikia kanuni. Mmoja akasema kichwa kinamgonga. Mwingine akajilaza mezani. Bi Salha alisikiliza. Katika kunguruma kule alikuwa akitafuta sauti moja tu, ile filimbi aliyoizoea, na akaisikia, nyembamba, ikizidi kuwa nyembamba, kisha hakuisikia.

Kimya kile kilimtisha kuliko kelele yoyote.

"Fungueni mlango!"

"Bado picha ya pamoja," akasema Bwana Mgaza. "Askari, asitoke mtu."

"Mwalimu mkuu," Waziri akaita kutoka gizani, kwa sauti ya kukumbusha adabu, "umeridhia?"

Mkono wa Bi Salha ulikuwa nyuma ya mlango, na mkononi mwake palikuwa na chuma baridi, mtaimbo wa muashi. Akapapasa ukuta mpaka penye saruji mbichi. "Bismillahi," akasema, akapiga. Akapiga tena. Saruji mbichi ikaanguka, na tofali la jirani yake likafuata, na la jirani ya hilo. Mwanga ukaingia kama mkuki, na nyuma yake upepo.

Lo! Upepo uliokuwa umesubiri nje wiki zote zile uliingia kwa pupa ya mwenye nyumba aliyefungiwa mlango wake mwenyewe. Ukapiga mluzi katika tofali lililovunjika, ukazizoa karatasi za mtihani, ukazipeperusha juu ya vichwa, ukaivua kofia ya Mheshimiwa na kuibandika usoni mwa Mkaguzi.

"Pepo! Pepo!" akapiga kelele Waziri, na hiyo ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tangu kushika wadhifa kusema neno la kweli bila ya kukosea. Akauvunja mlango kwa bega, akatoka mbio, na msafara wake nyuma yake, na watoto nyuma ya msafara, wakiyumba na kushikana mikono, hewa ikiwapokea uani mmoja baada ya mwingine.

Bi Salha alibaki amepiga magoti, amekipakata kichwa cha Hidaya penye lile pengo. Midomo ilikuwa ya majivu. Akamsomea yale aliyofundishwa na baba yake kuwasomea wagonjwa, akakosea, akarudia. Upepo ukapita juu yao. Kisha kifua cha mtoto kikainuka kidogo, na filimbi ikarudi, na Bi Salha hakuwahi kusikia maishani mwake adhana tamu kuliko filimbi ile.

"Mwalimu," Hidaya akanong'ona baada ya kitambo, "karatasi yangu... imekwenda wapi?"

*

Bi Salha akafikishwa mbele ya Baraza la Nidhamu kwa kosa la kuingiza pepo katika jengo la umma bila ya kibali.

"Ni pepo *wa* au pepo *za*?" akauliza, maana alitaka kujua anashitakiwa kwa lipi.

"Usitufundishe lugha," akajibu mwenyekiti, ambaye alikuwa yule yule wa jopo la kufasiri. "Hukumu ni kwamba umefukuzwa kazi. Umeridhia?"

"Sikuridhia."

Mwandishi wa Baraza akapekua kamusi ya Serikali, asilione neno lile. Akaandika mahali pake: *Mshitakiwa amepandwa na pepo.*

Mtihani wa Matunduni ukabatilishwa, kwa sababu karatasi ziliguswa na viumbe wasiosajiliwa. Watoto wakaambiwa kwamba umri umewapita. Waliokuwa na wajomba wakapata shule za mbali. Hidaya hakuwa na mjomba. Shule yenyewe ikafungwa kwa kufuli, jenereta likachukuliwa, taa ikang'olewa.

Mwisho wa mwaka Wizara ikapitia takwimu zake, ikagundua ajabu: nchi nzima hapakuwa na shule iliyopunguza matumizi kama ya Matunduni. Kutoka taa moja mpaka giza kamili! Wageni wa nchi za theluji wakapongeza kwa moyo safi. Waziri akaja kwa msafara kukabidhi Cheti cha Ubanaji, Daraja la Kwanza, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkabidhi, akaamuru kitundikwe ukutani. Kilikuwa cheti kikubwa chenye nembo ya dhahabu na fremu. Wakakosa mahali pa kukiweka, mpaka Bwana Mgaza akaliona lile pengo la matofali yaliyovunjwa. Kikaenea barabara, kana kwamba kilipimwa. Kioo hakikuwekwa, ili kubana matumizi.

Bi Salha sasa husomesha barazani pa msikiti, bila mshahara, watoto ambao umri umewapita. Alasiri moja alikuwa akirudi na Hidaya, wakapita ubavuni mwa shule. Upepo wa bondeni ulikuwa umeanza. Wakasimama. Ukutani, cheti kilikuwa kikifura na kunywea, kikifura na kunywea, na pembeni mwake, palipoachwa ufa, kikipiga filimbi nyembamba.

Hidaya akakaribia, akaweka sikio. Alikisikiliza kwa makini, kama mtu anayesikiliza ugonjwa anaoujua.

"Mwalimu," akauliza, "na hiki nacho kina pumu?"

Bi Salha akautazama mlango uliopigwa lipu, mahali palipokuwa na maneno ya baba yake.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hicho kina pepo."

Akamshika mkono, wakaenda zao; wala hakumwambia ni ngeli gani.